Ajali imo kwenye kumbukumbu zangu: nitapata tena kazi ya trela?

Dereva mmoja wa Tororo ameniandikia. Ameendesha trela kwa miaka 9, nyingi kati ya hiyo akienda na kurudi kati ya Mombasa na Kampala. Jioni moja ya mvua, akirudi Mombasa na trela tupu, alikuwa ndani ya msitu wa Mabira wakati teksi iliyokuwa mbele yake iliposimama ghafla kuchukua abiria. Alikanyaga breki, trela likatoka kwenye mstari, likavuka upande wa pili na kumgonga mwendesha bodaboda, ambaye alivunjika mguu. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuendesha bila uangalifu, akalipa faini, na leseni yake haikufutwa. Tajiri wake alimwachisha kazi kwa simu. Sasa imetimia miezi 14. Ameomba kazi kwenye kampuni 7, na kila anapofika kwenye swali la ajali katika fomu, kalamu inasita. Anauliza mambo mawili: aifiche ajali hiyo au aiseme, na akiisema, nani atamwajiri?

Ndugu yangu, iseme. Na kazi ipo, ingawa huenda isiwe ile uliyoiacha, wala isipatikane kwa njia uliyoizoea. Nilianza kazi hii nikiwa tanboi, yaani msaidizi wa dereva, nikaja kuendesha, kisha nikakaa miaka mingi kwenye ofisi ya usafirishaji, nikiwa miongoni mwa watu wanaozisoma fomu hizo unazoziogopa. Nimewaajiri madereva waliokuwa na ajali, na nimewakataa wengine ambao fomu zao zilikuwa safi kabisa. Kilichoniongoza mara nyingi kilikuwa ni jinsi mtu alivyoielewa ajali yake mwenyewe, na karatasi alizokuja nazo.

Kabla ya hayo, niulize juu ya yule mwendesha boda, kwa sababu katika barua yako umemtaja kwa mstari mmoja tu. Je, amepona? Anatembea? Bima ya mtu wa tatu ya gari lile, ambayo sheria ya Uganda inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, ilimlipa chochote? Nakuuliza kwanza kwa ubinadamu, maana mtu aliyevunjika mguu akiwa anategemea pikipiki huenda nyumba yake yote ililala njaa. Nakuuliza pia kwa sababu mwajiri makini atakuuliza swali hilo hilo. Dereva anayejibu kwamba hajui anaacha shaka ambayo hakuna cheti kinachoweza kuiondoa. Kama hujamtembelea, nenda, ukiongozana na mzee mmoja wa kwenu, na usiende kubishana juu ya nani alikosea.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu zenyewe. Madereva wengi huzungumzia jambo hili kana kwamba kuna daftari moja kubwa mahali fulani Kampala, ambalo kila mwajiri hulifungua na kuona jina lako limepigwa mstari mwekundu. Kwa kweli ajali yako imetawanyika. Iko kwenye jalada la kituo cha polisi kilichoipokea. Iko mahakamani, kwenye hati ya mashtaka na hukumu. Iko kwa kampuni ya bima iliyolipa au iliyokataa kulipa. Iko kwenye faili la tajiri wako wa zamani. Na iko midomoni mwa watu, pale Malaba, Busia na Naluwerere wanakosimama madereva wa malori, ambako habari ya trela lililoanguka hufika kabla ya trela lenyewe kuinuliwa. Katika sehemu hizo zote, hiyo ya mwisho ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa haina karatasi, na kila anayeisimulia huongeza lake. Tiba yake ni wewe kuwa na karatasi za sehemu nyingine zote.

Karatasi ya kwanza ni ripoti ya polisi juu ya ajali, pamoja na mchoro wa eneo na ripoti ya mkaguzi wa magari. Huyu mkaguzi ndiye anayelitazama gari baada ya ajali na kuandika kama breki, usukani na matairi vilikuwa salama. Madereva wengi hawaiombi ripoti hiyo kwa kudhani ni ya tajiri au ya bima. Iombe kwa maandishi kwenye kituo kilichoshughulikia kesi, lipa ada inayotakiwa na ubaki na risiti. Karatasi ya pili ni nakala ya hati ya mashtaka, hukumu, na stakabadhi ya faini. Utashangaa ni wasimamizi wangapi wanaosikia kwamba mtu alipelekwa mahakamani wakadhani moja kwa moja kwamba aliua. Sheria ya barabara ya Uganda inatenganisha kuendesha bila uangalifu, kuendesha kwa hatari, na kusababisha kifo au majeraha kwa kuendesha kwa hatari. Hayo ni makosa tofauti, na uzito wake haulingani hata kidogo. Neno lililoandikwa na mahakama ndilo neno lako. Usikubali mtu mwingine akubadilishie.

Karatasi ya tatu ni hati ya utumishi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni haki ambayo madereva wetu wengi hawaijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kazi inapokoma na mfanyakazi akiomba, ampe hati inayoonyesha jina la mwajiri, aina ya biashara, muda aliofanya kazi na cheo chake. Sababu ya kuondoka kazini huandikwa pale tu mfanyakazi mwenyewe anapoomba iandikwe. Maana yake ni kwamba unaweza kudai karatasi inayothibitisha miaka yako kwenye trela bila tajiri huyo kupata nafasi ya kumwaga hasira zake humo. Sheria hiyo hiyo inasema mfanyakazi asifukuzwe kwa kosa la kazi kabla ya kuelezwa sababu na kusikilizwa, akiwa na mtu wa kumsindikiza. Kukuachisha kwa simu hakukufuata utaratibu huo. Malalamiko kama hayo hupelekwa kwa ofisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu, na muda huo umekupita, ingawa sheria inaacha nafasi ya kuongezewa muda ukionyesha sababu ya haki. Kwa maoni yangu usianze vita hiyo sasa. Nenda kwa tajiri wako wa zamani kwa adabu, omba hati ya utumishi peke yake, na akikataa ndipo umwone ofisa wa kazi. Miaka 9 ya kazi isiyo na karatasi huhesabiwa ofisini kama miaka ambayo haikuwapo.

Juu ya leseni sina mengi. Hakikisha haijaisha muda, na kwamba madaraja ya malori mazito na ya magari yenye trela bado yameandikwa humo. Hakikisha pia huna faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Kampuni nyingi zitakuomba pia hati ya mwenendo mwema inayotolewa na ofisi ya Interpol ya polisi mjini Kampala. Itafute mapema badala ya kusubiri siku ya kuitwa.

Ukishakuwa na karatasi, kaa chini uisome ajali yako kana kwamba ni ya mtu mwingine. Umeandika kwamba trela lilijikunja. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na nina shaka na neno hilo. Trela hujikunja pale magurudumu ya nyuma ya kichwa, yaani sehemu ya mbele yenye injini, yanapofunga na kuacha kuzunguka: kichwa kinakosa mshiko, trela linakisukuma kutoka nyuma, na kichwa kinageuka hadi kinatazamana na ubavu wa trela. Wewe unasema kichwa kilibaki upande wako na mkia wa trela ndio uliovuka barabara. Hilo ni jambo jingine. Hutokea pale magurudumu ya trela lenyewe yanapofunga, nalo likateleza pembeni kama mlango unaofunguka. Tofauti hiyo si ya maneno tu, kwa sababu inatuonyesha mahali pa kutafuta chanzo.

Breki za trela zimetengenezwa kusimamisha mzigo mzito. Katika Afrika Mashariki gari na mzigo vinaruhusiwa kufika jumla ya tani 56. Trela likiwa tupu, uzito unaokandamiza matairi yake ardhini ni mdogo sana, kwa hiyo mguu ule ule ambao ungelisimamisha vizuri likiwa na mzigo wa mbolea unatosha kabisa kufunga magurudumu yake, hasa lami ikiwa na maji. Ndiyo maana matrela mengi yana vali inayopunguza nguvu ya breki likiwa tupu, na mengine yana mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge, unaopata umeme kwa waya kutoka kwenye kichwa. Sasa jiulize: vali hiyo ilikuwa inafanya kazi? Waya ule ulikuwa umechomekwa, au ulikuwa unaning'inia nyuma ya kichwa umefungwa kwa kipande cha mpira, kama nilivyouona kwenye matrela mengi kuliko ninavyotaka kukumbuka? Breki za magurudumu yote zilikuwa zimerekebishwa sawa? Majibu huenda yamo kwenye ripoti ya mkaguzi wa magari. Ikiwa gari lilikuwa na kasoro, hiyo ni sehemu ya ukweli wa ajali yako nawe una haki ya kuisema, mradi usiitumie kufuta sehemu yako.

Na sehemu yako ipo. Teksi zetu husimama ghafla. Kila anayepita Mabira anajua hilo tangu siku yake ya kwanza. Gari lenye urefu wa mita 17 au 18 linahitaji nafasi ya sekunde sita hivi nyuma ya gari la mbele, ukihesabu kuanzia pale gari hilo linapopita mti hadi wewe unapoufikia mti huo, na kwenye maji nafasi hiyo inapaswa kuongezwa maradufu. Ukihesabu kwa unyofu, siku ile uliacha sekunde ngapi? Nakuuliza ili uwe na jibu kabla mtu mwingine hajakuuliza.

Sasa juu ya kuficha. Najua hoja zake zote, kwa kuwa nimezisikia kwa madereva niliowapenda. Wanasema wengi hufanya hivyo, wanasema njaa haina adabu. Lakini tazama bima. Mwenye magari anapokata bima kubwa, ile inayolipia hata gari lake mwenyewe, kampuni ya bima humuuliza juu ya madereva wake, uzoefu wao na ajali zao, na mkataba wa bima umejengwa juu ya msingi kwamba anayeomba kinga amesema kila jambo zito analolijua. Ukimdanganya tajiri, naye ataidanganya bima bila kujua. Siku ukigonga tena, hata kama kosa si lako, bima inaweza kupata njia ya kukataa kulipa, na tajiri aliyepoteza gari na mzigo atageuka kukutafuta wewe. Jambo dogo la kwenye fomu litakuwa limekuwa deni ambalo hutalimaliza maisha yako yote. Tena wasimamizi wa usafirishaji wa Kampala wanajuana. Mimi nilikuwa napiga simu tatu kabla ya kumpa mtu funguo, na simu ya kwanza sikuipiga ofisini kwake, niliipiga kwa dereva mwenzake.

Wiki moja walinijia madereva wawili, nami nilikuwa na nafasi moja. Wa kwanza aliandika kwamba hajawahi kupata ajali. Simu ya pili iliniambia kwamba aliangusha tangi upande wa Lyantonde. Nilipomuuliza alikana, kisha akasema ilikuwa ajali ndogo, kisha akasema ilikuwa ya tanboi wake. Wa pili aliweka bahasha ya kaki mezani kabla hajakaa. Ndani mlikuwa na ripoti ya polisi, picha mbili za gari, risiti ya faini, na karatasi moja aliyoiandika kwa mkono wake akieleza kilichotokea, katika mistari isiyozidi kumi na tano. Alikuwa amelala kwenye usukani saa tisa usiku. Kosa lake lilikuwa kubwa kuliko la mwenzake. Nilimchukua yeye, nikampa safari za mchana kwa miezi sita, na hakunitia hasara.

Nawe andika karatasi kama hiyo. Isiwe ya kuomba huruma, na isiwe ya kumlaumu mtu. Kwa mfano: “Mwezi fulani, saa kumi na mbili na nusu jioni, nikiwa na trela tupu na mvua ikinyesha, nilikuwa nyuma ya teksi katika msitu wa Mabira. Nafasi niliyoiacha ilikuwa ndogo. Teksi iliposimama nilikanyaga breki kwa nguvu, magurudumu ya trela yakafunga, mkia ukavuka barabara na kumgonga mwendesha pikipiki, ambaye alivunjika mguu. Nilibaki pale hadi polisi walipofika. Nilitiwa hatiani kwa kuendesha bila uangalifu na nikalipa faini. Nakala zimeambatanishwa. Tangu siku hiyo, kabla ya kuondoka na trela tupu huchunguza waya na breki za trela, na mvua ikinyesha hupunguza mwendo na kuongeza nafasi.” Ukiulizwa mdomoni, sema hayo hayo kwa utulivu, kisha nyamaza. Wengi huharibu hapo, kwa sababu kimya kinawatisha, wakaanza kuongeza maelezo yasiyoulizwa hadi wanajipinga wenyewe.

Umeuliza nani atakuajiri. Nitaanza na wale ambao sasa hivi usipoteze nauli kwao. Kampuni zinazobeba mafuta, na zile zinazohudumia miradi ya mafuta ya Hoima na Buliisa pamoja na bomba la kwenda Tanga, huwa na masharti makali ya usalama kutoka kwa wateja wao. Gari hufuatiliwa kwa kila kona na kila breki, na rekodi ya dereva huchunguzwa na zaidi ya mtu mmoja. Siku moja zinaweza kuwa zako, lakini sasa hivi zitakuvunja moyo bure.

Anza na wamiliki wadogo, wenye malori mawili hadi matano, ambao huamua wao wenyewe bila kupeleka faili kwenye kamati. Wapo Tororo kwenu, wapo Malaba na Busia, na wapo Kampala maeneo ya Bweyogerere na Namanve. Mtu wa namna hiyo hukuamini kupitia mtu anayemwamini, kwa hiyo barua ya maombi peke yake haitoshi. Mtafute dereva au fundi aliyefanya naye kazi akupeleke. Anza pia na safari za ndani badala ya kung'ang'ania Mombasa. Saruji hutoka Tororo kwenda kila upande. Miwa hubebwa Kakira, Lugazi na Kinyara, na msimu ukipamba moto madereva huhitajika kwa haraka. Kuna mchanga na kokoto, kuna tipa za miradi ya barabara, kuna usambazaji wa soda na bia. Najua dereva wa trela la Mombasa hukunja uso akitajiwa tipa, anaona amerudishwa darasa la kwanza. Lakini wewe unachokihitaji sasa ni miezi 12 hadi 18 ya kazi isiyo na doa, iliyo na mtu wa kuithibitisha, ili ajali yako iwe na kitu kizuri baada yake. Gari likiwa na kifaa cha kufuatilia mwendo, muombe tajiri akuchapishie taarifa ya miezi yako kila baada ya muda. Karatasi inayoonyesha kwamba kwa mwaka mzima hukuvuka mwendo ulioruhusiwa ina nguvu kubwa, na ni madereva wachache sana wanaokumbuka kuiomba.

Utaambiwa pia kwamba kazi ya Juba, Sudan Kusini, haiangalii ajali. Ni kweli kwamba kwenye njia ya Elegu kwenda Nimule na Juba waajiri wengine hawaulizi maswali mengi, na sababu ni kwamba madereva wengi wanaikwepa. Wenzetu wameuawa kwenye barabara hizo, hadi madereva wakawahi kugoma mpakani wakidai ulinzi. Siwezi kukuzuia, kwa kuwa mimi siyo ninayelisha watoto wako, lakini usiende huko kwa sababu tu umeona aibu ya kujaza fomu hapa.

Jihadhari vilevile na mtu atakayekuahidi kazi ya lori Uarabuni au Ulaya, akikuambia kwamba huko ajali ya Uganda haionekani, ila kwanza utume pesa. Wakala halali wa kazi za nje hupewa leseni na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na unaweza kwenda wizarani kuuliza jina lake kabla hujatoa hata shilingi moja. Mtu asiye na kazi kwa miezi 14 ndiye hasa anayewindwa na watu hao.

Mafunzo yanasaidia, lakini chagua vizuri. Cheti cha siku moja kilichonunuliwa mjini hakimdanganyi mtu anayejua kazi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mtaala wa pamoja wa madereva wa magari makubwa ya biashara, na hapa Uganda shirika la Safe Way Right Way limekuwa likishughulika na mafunzo ya madereva wa aina hiyo. Ukipata nafasi, soma hasa breki, trela tupu na uchovu. Na ukiulizwa ulijifunza nini, usitaje jina la cheti. Eleza jambo moja ulilokuwa unalifanya vibaya na sasa hulifanyi.

Kisha kuna jambo ambalo hukuliuliza. Je, umeshika usukani tangu siku ile? Miezi 14 inatosha kuukausha mkono, na ajali huacha hofu mwilini hata baada ya akili kusahau. Nawajua madereva ambao mvua ikigonga kioo mikono yao hutokwa jasho. Kuhisi hivyo ni hali ya kawaida, lakini ukiigundua mbele ya anayekupima utakuwa umechelewa. Muombe rafiki mwenye gari, kwenye uwanja wa wazi, urudi nyuma na trela mara ishirini, kisha mwende wote barabarani mchana, na hatimaye siku ya mvua. Ikiwa bado usiku unaiona ile pikipiki na usingizi haurudi, zungumza na daktari au mshauri wa hospitali kabla ya kuomba safari ndefu.

Siku ya kupimwa barabarani, wengi hudhani mtihani unaanza injini inapowaka. Mimi nilikuwa naanza kumtazama mtu tangu anapolikaribia gari. Aliyepanda moja kwa moja nilikuwa nimekwisha kumpunguzia nusu ya alama. Wewe lizunguke gari polepole, kuanzia mlango wa dereva hadi urudi hapo hapo. Inama uone kama pini inayoliunganisha trela na kichwa imeshikwa sawasawa na loki yake imefungwa. Gusa mipira ya hewa na waya wa umeme, hasa ule waya wa breki za trela, na kama haujachomekwa sema. Tazama matairi ya ndani, yale yasiyoonekana bila kuchuchumaa. Tazama loki za kontena zote nne. Toa maji kwenye matangi ya hewa. Washa injini, subiri hewa ijae, zima, kisha kaa kimya usikilize kama kuna mahali inavuja huku ukitazama mshale wa kipimo cha hewa. Ukiwa barabarani, usijaribu kuonyesha kwamba una kasi. Onyesha kwamba una nafasi mbele yako. Penye mteremko, ingiza gea ya chini kabla ya kuanza kushuka, na usithubutu kuacha gari lishuke gea ikiwa huru, hata kama ulizoea kuokoa mafuta kwa njia hiyo. Na ukiona gari lina kasoro ya hatari, kataa kuliondoa. Inawezekana ukakosa kazi hiyo. Kwa mtu mwenye historia yako, kuondoa gari bovu ni kujitia tena kwenye shimo ulilotokea.

Kwa sababu hiyo hiyo, utakapoitwa, uliza jinsi mshahara unavyolipwa. Kama fedha yote inatokana na mileji na idadi ya safari, bila mshahara wa msingi unaoeleweka, gari litakusukuma uendeshe ukiwa umechoka, na usingizi mkali huja kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, haujali una uzoefu wa miaka mingapi. Uliza nani hugharamia matengenezo ya breki na matairi, na nani huamua kama gari liondoke au lisiondoke. Ombi lako la kazi lisikufanye uone haya kuuliza hayo. Tajiri anayekasirikia maswali hayo amekwisha kukuambia atakavyokutendea siku gari litakapoharibika Eldoret usiku.

Anza na kituo cha polisi wiki hii, kwa sababu majalada hukaa na maofisa huhamishwa. Ukiipata ripoti ya mkaguzi wa magari, nitumie ukurasa unaozungumzia breki za trela. Nikiusoma nitaweza kukuambia kwa uhakika zaidi ni maneno gani uyaandike kwenye ile karatasi yako ya mistari kumi na tano.